Santuri za Baba Katika Shamba la Mtama

Sijamsamehe baba yangu mdogo, na niseme mapema kwamba sina mpango huo. Watu wa kanisani wameshanikalisha chini mara mbili, wakanipikia chai, wakanisomea maneno mazuri. Nilikunywa chai nikarudi nyumbani na kinyongo changu kizima.

Baba yangu alikuwa fundi wa matrekta wa serikali. Kazi hiyo alisomea Urusi, na aliporudi alipewa nyumba ya zamani ya serikali pale Arua Hill, yenye veranda pana na kuta zilizojaa unyevu. Wenzake walirudi na makoti mazito. Yeye alirudi na gramafoni na santuri kumi na moja, zote za kwaya na okestra. Zilikuwa nyimbo za vijijini kwa Warusi, za mavuno na za kuagana, zilizopangwa upya na mabingwa ili ziimbwe na watu sitini badala ya bibi mmoja na jembe lake.

Jumapili, baada ya chakula, tulikuwa na utaratibu ambao sijauona katika nyumba nyingine yoyote. Baba alimgawia kila mtu sauti yake ya kufuata. Mimi, kifungua mimba, nilipewa sauti ya chini kabisa, ya wale wanaume unaowasikia tumboni kabla hawajafika masikioni. Mdogo wangu alipewa vile vigitaa vya pembetatu vinavyotetemeka. Mama alichukua sauti za wanawake. Ukishapewa sauti yako huruhusiwi kuiacha, hata nyingine ikiwa tamu namna gani, na wimbo ukiisha unaeleza sauti yako ilipita wapi, ilinyamaza wapi, ilirudi na nani. Ukisema “ilikuwa nzuri” tu, baba anarudisha sindano mwanzo.

Baba mdogo aliishi kwetu wakati huo, akisomea ualimu. Yeye hakuomba sauti. Alikaa mlangoni akipiga viatu rangi na kutucheka. “Hawa watu iko nalia nini? Nani alikufa kwao?” Viatu vyenyewe vilikuwa jozi moja, na alivipiga rangi kuanzia wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho. Nilikuwa mtoto, sikuona ajabu yoyote.

Santuri moja, niliyoipenda kuliko zote, ilikuwa na mkwaruzo. Wimbo ulianza polepole, wanaume peke yao, halafu ukifika mahali fulani sindano ilirudi nyuma, ikarudia maneno yale yale mara ya pili na ya tatu. Hapo baba aligonga meza kwa kiganja, pu! Sindano iliruka, na tukajikuta tayari kwenye sehemu ya mbio, okestra nzima ikikimbia. Kilichokuwa katikati hatukukijua. Hata baba alisema amekisahau.

Baba alipofariki tulimzika kwao Kuluba, huko Koboko. Wiki haijaisha, baba mdogo alikuja na pikapu kuchukua mali ya kaka yake, kama alivyoruhusiwa na ukoo. Mama hakubishania kitanda wala baiskeli. Aliomba santuri tu. Akajibiwa mbele ya wageni: “Mama, hii nyimbo iko ya watu hawajui Mungu. Itaharibu watoto.” Mama, aliyefundisha shule ya Jumapili tangu usichana wake, aliambiwa hivyo akiwa bado na kitambaa cha msiba kichwani.

Miaka michache baadaye nilikwenda Kuluba kusaidia kuvuna, na nikazikuta. Sindano ya gramafoni ilikuwa imekwisha, kwa hiyo baba mdogo alizitoboa santuri, akazifunga kamba na kuzitundika kwenye miti juu ya mtama, zifukuze ndege. Zilikuwa zinazunguka kwa upepo, zimepinda kwa jua. Ndege walitua juu yake. Nililia pale shambani kwa hasira mpaka kamasi zikanitoka, na nikajiapiza kwamba siku moja nitamvua nguo huyu mtu mbele ya watu wake.

Siku ilichelewa. Nilishakuwa mtu mzima mwenye kibanda changu cha kuchapa barua na kutoa fotokopi hapa mjini Arua, pale asubuhi moja redio ilipocheza kwaya ya kanisa kutoka Koboko. Mtangazaji alimsifu mwalimu wao, mtunzi mkubwa, akamtaja baba mdogo. Wanaume wakaanza polepole, kwa Kikakwa. Sauti ya chini ikashuka pale pale nilipozoea kuifuata. Nikaacha mashine ikimeza karatasi za mteja. Walipofika mahali fulani walirudia maneno mara tatu, ngoma ikapigwa mara moja, pu!, na kwaya nzima ikaanza kukimbia.

Mwizi alikuwa ameiba mpaka mkwaruzo. Ameiba mpaka kiganja cha baba yangu mezani, akakiita utunzi wake. Mteja aliniuliza kama ninaumwa. Nilimwambia nina furaha, na ilikuwa kweli, kwa sababu sasa nilikuwa na kitu cha kumfungia mikono.

Ilinichukua miezi kuutafuta wimbo wenyewe kwenye simu. Sijui kusoma Kirusi. Nilisikiliza kwaya baada ya kwaya nikifuata sauti ya chini tu, kama nilivyofundishwa, mpaka nikaupata, mzima, pamoja na ile sehemu ya katikati iliyokuwa imerukwa. Humo mwanamke mmoja anaimba peke yake, na okestra imenyamaza isipokuwa vile vigitaa. Niliusikia nikiwa kibandani na sikumwita mtu yeyote asikilize nami. Nilikuwa nanoa kisu.

Ukoo ulipokubaliana kulijenga kaburi la baba kwa saruji, nilijitolea kukodi spika. Watu walijaa Kuluba tangu asubuhi. Kwaya ya baba mdogo iliimba wimbo “wake”, wanawake wakapiga vigelegele, naye akainama kidogo kwa unyenyekevu wa uongo. Ndipo nikamwambia emsii kwamba nami nina wimbo, nikachomeka simu.

Warusi sitini walitoka kwenye zile spika. Kwenye mstari wa kwanza tu minong'ono ikaanza. “Si ndiyo hii?” Mzee mmoja alisimama. “Ona kifua ya hawa watu! Kama ng'ombe dume!” Mimi nilimtazama baba mdogo tu. Alikuwa ameshika magoti yake kwa mikono miwili. Nikasema moyoni, leo ni leo.

Emsii akanyakua kipaza sauti. “Wimbo ya mzee yetu imefika Urusi!”

Wakalipuka. Vigelegele, miluzi, watu wakimkimbilia baba mdogo kumshika mkono. Yule mwanamke alipoanza kuimba peke yake, mwanakwaya mmoja alitikisa kichwa: “Hapa wamekosea. Hawajarudia mara tatu. Na ngoma iko wapi?” Nilichukua kipaza sauti, nikasema wazi kwamba wimbo huu ulikuwa kwenye santuri za baba yangu, alikuja nao kutoka Urusi.

“Marehemu ndiye alipeleka!” mama mmoja akadakia. “Si alienda kusoma huko? Alibeba wimbo ya ndugu yake, akawafundisha!”

Ikaeleweka kwa kila mtu. Walilipigia makofi kaburi la baba yangu, kwa kuwa tarishi mzuri wa mdogo wake. Baba mdogo aliinama tena.

Alinifuata baadaye nyuma ya jiko, nikiwa naosha vyombo ambavyo hakuna aliyenituma kuviosha. Alivua kofia. Nilijiandaa kwa uongo wake.

“Binti yangu,” akasema, “ile katikati. Ile mama naimba peke yake. Mimi natafuta hiyo kipande tangu ile nyumba ya Arua. Nilijua iko kitu pale. Nilishindwa kutunga.” Macho yalikuwa yamemjaa machozi. “Iko na zingine? Zile zote?”

Zote kumi na moja, nilizozitafuta moja moja kwa njia ile ile, zilikuwa mfukoni mwangu, ndani ya simu.

“Chaji imeisha, baba,” nikamwambia.

Huwa ananipigia simu Jumapili baada ya chakula. Ananikumbusha kwamba sikio la kushoto lilishakufa na anasikia kwa moja tu. Namjibu kwa heshima zote kwamba mtandao ni mbaya, au simu imebadilishwa, au wiki ijayo. Nikikata, nazicheza kwa sauti ya juu nikiwa peke yangu, kwa maana mama hayupo tena na mdogo wangu hakupenda muziki. Ninajua vizuri kwamba Arua na Koboko nzima hakuna mwingine ambaye angeweza kuniambia sauti yake ilipita wapi.

Mwezi uliopita mke wake alinipigia yeye mwenyewe. Alisema sikio la kulia nalo limeanza kuziba.

Nilimwambia ampe pole. Ninangoja limalizike.