Kaseti Ilibakia mu Redio ya Zamani

Taxi yangu, batu ba Bukavu banaisikia mbele ya kuiona. Nikipita Nyalukemba na basse juu, ile sauti nzito ya muziki, mabati ya nyumba yanacheza, mbuzi zinazaa mbele ya siku yao, na ziwa yenyewe inarudi nyuma kidogo. Sidanganyi. Kama kuna kitu nadanganya, ni kusema basse ile inanifurahisha.

Mwanzo gari ilikuwa na redio moja ya zamani, yenye ilimeza kaseti na kukatala kuitapika. Ukiiwasha, ni kaseti ile tu. Na mu kaseti ile alikuwa mama yangu.

Zamani baba alikuwa nachimba zahabu Kamituga. Hakujua kusoma, mama naye hakujua kuandika, basi mama alikuwa nasemea mu kaseti, anaituma na bashofa. Kisha mama alikufa, kaseti zingine zikapotea, ikabakia ile moja. Kila siku ya Mungu baba anatoka kanisani, anaingia mu taxi pale kiwanja, anafunga mulango, anamusikiliza bibi yake. Kuna fasi bande, ule mukanda ya kaseti, ilikuwa nakwama. Unapiga dashibodi kofi, mama anaendelea.

Baabiria nabo balikuwa namusikia. Maman moja alipitisha fasi yake ya kushuka sababu alitaka kujua kama kuku ya mu kaseti ilipona. Lakini siku moja banafunzi ba université bakacheka:

"Shofa, mama yako iko nakutuma sokoni mu redio?"

Haya ikanikamata. Mutu muzima mie, na ndevu!

Nikaanza kutengeneza muziki pole pole, sawa mutu anajenga nyumba na tofali moja moja. Kwanza redio ya clé USB, ile ya flash. Nikamupa fundi ile ya zamani, nikaongeza franga kidogo, akanipa mupya. Fundi akaigeuza-geuza.

"Papa, mu hii kuna kaseti. Nifungue nikupatie?"

"Acha, nitakuja kuichukua kesho. Niko na batu mu gari."

Kesho ile haijafika mpaka leo. Mwezi ingine nilinunua bafle mbili za mulango, bile bipaza-sauti, zilitoka mu gari yenye ilianguka. Kisha ampli ya okazioni, ya mukono ya pili, ilikuwa natoa moto sawa mbabula ya makaa, ungechoma mahindi juu yake. Mwisho, sanduku ya basse. Sababu ya ile sanduku nilikula fufu bila samaki mpaka samaki zikanisahau sura. Kila nilipopita kwa fundi, ilikuwa kwa kuongeza kitu. Kaseti, sikuuliza.

Wakati ule wote baba alikuwa mugonjwa ya muguu, hatoki nyumbani. Siku ya Mungu moja akapona kidogo, nikamuingiza mu gari na majivuno. Nikawasha. Kofia yake iliruka mpaka juu ya paa ya jirani. Bon, karibu iruke. Muzee alingojea wimbo iishe, na heshima sawa mutu iko kwa bageni.

"Ni muzuri, mutoto yangu. Sasa tia mama yako."

Asubuhi yake nilikimbia kwa fundi. Akashika kichwa.

"Papa! Ile niliuzia shofa ya kamyo. Yule mwenye anafikaka Shabunda kama Mungu anapenda."

Nikauliza bashofa bote ba njia ile. Hakuna mwenye aliijua. Labda mpaka leo mama iko nasalimia batu kule mu matope ya njia ya Shabunda.

Baba hakunigombeza. Afadhali angenipiga. Siku ya Mungu yenye ilifuata aliingia mu taxi, akafunga mulango.

"Zima bintu byako."

Nikazima yote. Akaanza kusema, macho mbele:

"Baba batoto, jambo sana. Sisi tuko bazima. Nyumba iko navuja. Kuku yako iko mugonjwa. Ikikufa tutaikula, usikasirike. Na huyu kijana yako anakatala kuoga, ananuka sawa..."

Akanyamaza. Ni pale bande ilikuwa nakwama. Nikainua mukono, nikapiga dashibodi kofi.

"...sawa mbuzi dume mu mvua," akamalizia.

Tulicheka, machozi ikatoka. Maneno yote ilikuwa pale, hata moja haikupotea. Lakini ilikuwa sauti ya muzee, na kikohozi yake. Ile ya mama, nikijaribu kuikumbuka, inakuja basse tu.