Kamera Imesimama Wapi?

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ni siku moja ya soko la mifugo hapa Isiolo. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na minane, mdomo mbele, akili nyuma. Lakini siwezi kuanza na soko. Acha nianze na filamu.

Jana yake, baba mdogo Galgalo, aliyekuwa mnunuzi wa ng'ombe, alinipeleka kwenye ukumbi wa video kule Chechelesi. Mzee yule alipenda filamu za upelelezi kama wengine wanavyopenda miraa. Na filamu yenyewe ilitengenezwa na fundi, wallahi. Uso wa muuaji hatukuonyeshwa. Tulionyeshwa alichokiona yeye: korido, kitasa, mkono wenye glovu, na pumzi zake tukizisikia karibu kabisa. Nitasema ukweli hata kama ni aibu. Polisi walipobisha mlango, niliomba tusikamatwe. Tusikamatwe, mimi niliyelelewa kwa dini! Halafu kamera ikahamia kabatini alimojificha mwanamke, ikachungulia nje kupitia ufa, na mkono uleule niliouombea sasa ukanitoa jasho.

Galgalo akaninong'oneza, "Umeona? Watu ni walewale. Kamera tu imehama."

Nikacheka. Nilidhani ni maneno ya mzee anayejifanya mjuaji.

Kesho yake sokoni, nikiwa nje ya ua, nilimwona kijana wa kutoka Kinna akimvuta mtamba mwekundu, ng'ombe jike ambaye hajazaa bado. Wetu alikuwa amepotea wiki nzima, na sikio la kulia la huyu lilikuwa na mkato, alama ya mifugo ya nyumba yetu. Ulimi hauna mfupa. Nikapiga kelele za mwizi, na wewe unajua neno hilo hufanya nini sokoni. Kufumba na kufumbua kijana amezungukwa, shati limechanika, fimbo ziko juu.

Galgalo alifika, akainua mkono, na kwa kuwa alikuwa akiheshimiwa, fimbo zikangoja. Hakunigombeza. Alinishika mkono akanizungusha hadi upande wa pili wa yule mtamba. Sikio la kushoto lilikuwa na mikato miwili. La mtamba wetu lilikuwa zima. Kisha akanisimamisha kando ya kijana, tukiwatazama watu.

"Sasa tazama ukiwa hapa," akasema.

Nikatazama. Fimbo zote zilikuwa zinanielekea mimi. Watu nilioamkiana nao asubuhi sikuwatambua. Lakini kijana kamba ya mnyama wake hakuiachia. Nililia palepale, nikamwomba msamaha. Watu wakashusha fimbo, naye akaenda zake na mnyama wake. Jina lake sikuuliza. Majuto ni mjukuu, nami huyu ningali naye.

Filamu zako za simu sikukatazi, mwanangu. Si hunikuta nakuchungulia begani? Namvulia kofia mtu anayeweza kunitia ndani ya macho ya mwingine, hata ya mtu nisiyempenda. Lakini ukionyeshwa mwizi, uliza kwanza kamera imesimama wapi, kisha zunguka. Na ile video ya kijana anayekimbia na mkoba, uliyonionyesha asubuhi ukitaka kuituma kila mahali, usiitume. Hujasimama alipokuwa yeye.

Mungu akujalie miguu ya kuzunguka kabla mdomo haujafunguka, na siku watakapokuelekezea fimbo wewe, akuletee Galgalo wako mapema. Amin.