Blauzi ya Kuzikiwa

Mama Pazia hupiga wanawake picha za faragha, za kitandani, na humwambia kila mteja yale yale: "Njoo na gauni pana, shoga, bila sidiria, isije ikakuachia alama mwilini. Mwanzoni utaona haya, baadaye utacheka." Kisha huvuta pazia.

Mteja mmoja, mshonaji wa nguo, alijikunyata kitandani kama kifaranga aliyelowa, mpaka Mama Pazia alipojikwaa kwenye waya wa taa akaanguka chali. Mshonaji akaangua kicheko. Mama Pazia akabonyeza kamera akiwa pale pale chini.

Haukupita mwezi, homa ikamchukua mshonaji. Mdogo wake akaja, macho mekundu. "Nimeona namba yako kwenye simu yake. Dada hakupenda kupigwa picha, hatuna hata moja ya kuweka juu ya jeneza."

Mama Pazia akaikata ile picha ya kicheko ikabaki ya kifuani kwenda juu, akamvisha kwa kompyuta blauzi yenye vifungo hadi shingoni, huku akiisonya blauzi yenyewe.

Msibani mume wa marehemu aliikodolea picha macho.

"Blauzi hii siijui," akasema. "Na kicheko hiki sijawahi kukiona."