Subana Tatu Mkono Mmoja

Zamani kipandauso kilipompanda fundi cherehani, hata nzi akitembea ukutani alimsikia kama gwaride. Siku hizi anameza kidonge kila asubuhi ili kichwa kisimwanze. Kichwa kimetulia kweli, ila vidole vimejaa ganzi kama vimehamiwa na sisimizi, na maneno yanamkimbia kama kuku waliomwona mwewe. Mkasi anauita “kile cha kukatia.” Soda anasema ina ladha ya msumari, lakini anaimaliza. Sindano ikimchoma hahisi, kwa hiyo akishona kitambaa cheupe huvaa subana, vile vikofia vya bati, tatu mkono mmoja, aking'aa kama duka la sufuria.

Leo yuko kwenye gauni la harusi, na tone moja la damu litaliharibu. “Acha hivyo vidonge mpaka harusi ipite,” wifi yake akamwambia, “vidole virudi.”

“Vidole vikifa ganzi bado vinashona, wifi. Nikiacha dawa, hiki…” Neno likampotea. Akajigonga kipaji cha uso kwa subana, ngo ngo ngo. “Hiki hakishoni kabisa.”

Wifi akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akavuta kigoda, akaukamata upindo mweupe. “Haya, shona. Mimi nitaangalia damu.”