Peni Nyeupe

Heri nijicheke mwenyewe kabla hamjanicheka, maana aibu ya ile peni hata leo ikinijia nikiwa peke yangu masikio yanapata moto. Na hakuna aliyenisukuma, ni mimi niliyejifanya mjuzi.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa fundi wa nikeli River Road. Bampa za magari zikichakaa tulizisugua, tukazitundika kwa waya ndani ya tangi la dawa yenye umeme, zikatoka nyeupe kama mpya. Mkubwa wetu alikuwa Mzee Mutiso, Mkamba wa maneno machache, na mwezi huo alikuwa anarudi kwao Machakos kupumzika. Tangi angeliacha kwa mmoja wetu, na kila mtu alijua ni mimi. Nami niliitaka hiyo kazi vibaya sana, kwa sababu fundi wa tangi alipewa chumba cha uani, na bila chumba mke wangu na watoto wangebaki Kakamega mwaka mwingine.

Sasa, kulikuwa na mzungu mmoja wa Kitisuru, mteja wetu, aliyekuwa akikusanya sarafu. Akingoja bampa yake alipenda kutuambia kwamba mara moja moja kiwandani kipande cha kutengenezea shilingi huingia kwa makosa kwenye mashine ya senti kumi, ile tuliyoiita peni, basi peni inatoka nyeupe badala ya manjano, na peni kama hiyo yeye angeinunua kwa bei ya baiskeli. Basi Jumanne moja nikanunua mandazi kwa Mama Akinyi pale mlangoni, akanirudishia chenji, peni moja. Nyeupe.

Nilishtuka mpaka mandazi ikaanguka. Ningemwonyesha Mzee Mutiso kimyakimya mambo yangeishia hapo, lakini nikajiambia mzee atataka fungu lake (oneni roho mbaya), nikaificha kwenye soksi siku tatu, nikawa naitoa chooni kuiangalia, nikaigonga sakafuni nikasikia inalia vizuri, nikaiuma, haikumenyeka, basi nikajiona daktari wa pesa, na Ijumaa mzungu alipoingia nilikuwa nimeshawatangazia mafundi wote, wakaacha kazi wakaja kusimama, hata Mama Akinyi akaja na birika lake.

Nikaanza kuhutubu. Nikasema hii si ya kupakwa nikeli, mimi kazi yangu ni kupaka, ningejua. Nikasema hata Mzee Mutiso mwenyewe akipaka haiwezi kutoka hivi (mzee alikuwa nyuma yangu anafuta mikono).

Mzungu alitoa shilingi mfukoni akailaza juu ya peni yangu.

"Angalia. Shilingi iko ndogo. Kama peni napigwa kwa kipande ya shilingi, nakuwa ndogo pia, maandishi ya kando nakatika. Hii iko kubwa sawa na peni ingine."

Nikasema labda kipande kilitanuka. Akafungua kisu kidogo, akakwaruza ukingo, na pale alipokwaruza pakawa manjano.

"Nani nachovya hii?" akauliza.

Nikamgeukia Mama Akinyi kwa hasira, nikamwambia amenipa pesa ya uwongo mbele ya watu. Akatua birika chini taratibu.

"Wekesa, si ni wewe ulinipa? Asubuhi ile ulikosa chenji. Nimezunguka nayo dukani, kwa makondakta, kila mtu anaikataa. Nikasema wacha imrudie mwenyewe."

Hapo ndipo nikakumbuka. Kila asubuhi, kabla bampa haijaingia, tulikuwa tunachovya peni moja kuona kama dawa iko sawa, halafu tunaitupa kwenye mkebe. Na ni kweli siku moja nilitia mkono kwenye mkebe huo nikanunua chai, nikasahau kabisa. Mzee Mutiso akaichukua ile peni, akaigeuza kwenye mwanga, akatuonyesha vidoa viwili ukingoni.

"Hapa ndipo waya ulishika. Mizunguko miwili. Humu ndani ni Wekesa peke yake anafunga miwili."

Jamani, kazi ya mkono wangu mwenyewe, na sikuijua. Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini.

Jioni mzee aliniita kando. "Uliipaka vizuri sana, hapo sina neno," akasema. "Lakini tangi nimempa mwenzako Ouma. Wewe hukuniuliza." Hakukasirika, na hiyo ndiyo iliniumiza zaidi.

Tangu hapo pesa nisiyoielewa naiulizia kwa sauti ya chini, na kwa mtu mmoja tu. Lakini ile barua ya kumwambia mama watoto afunge mizigo nilikuwa nimeituma Alhamisi. Jumapili nikakaa nikaandika nyingine ya kumwambia afungue, na sababu niliyoiandika ni kwamba chumba kinavuja.