Zamu ya Kusikia Kodiani

Ndugu wasomaji, mnisamehe mwandiko huu na herufi nitakazokosea. Shule niliishia darasa la nne, na mkono wangu ni mzito.

Baba mdogo alirudi kutoka vita vya Burma na kodiani, akanifundisha. Nilipigia nyuma ya zizi, kwani mtu akinitazama vidole vyangu hufa. Hata ng'ombe nilimgeuza aangalie ukuta. Lakini sauti iliteremka migombani, majirani wakaacha majembe kusikiliza.

Baba mdogo akasema walipe.

"Nilipe nini?" akauliza jirani wa chini. "Mimi sikuja kwako. Sauti yako ndiyo imekuja kwangu, tena bila hodi!"

Mkewe akaongeza, "Mimi nitalipa, lakini atoke tumwone. Mbona fundi cherehani hukaa barazani?"

Nikashikwa na homa. Heri kodiani iuzwe kuliko kukaa barazani.

Baba mdogo alitaka twende Moshi kwa bwana shauri, lakini kesi ikaamuliwa na wazee wa mfongo, yaani mfereji unaotuletea maji kutoka msituni. Wao wana sheria moja: kinachoteremka kutoka juu hakiuzwi, huchukuliwa kwa zamu, na mwizi wa zamu hutoa mbege, pombe yetu ya ndizi. Basi, Jumatatu wasikie watu wa juu, Jumanne watu wa chini, na hivyo kwa kupokezana. Nami nibaki nyuma ya ng'ombe wangu. Nilimshukuru Mungu.

Jumanne watu wa juu waliziba masikio kwa majani makavu ya mgomba. Mzee mmoja wa mfongo akapita kukagua, akamkuta ajuza anatwanga ulezi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Unasikia kodiani?"

"Sisikii kitu!"

"Mbona umeitika?"

"Nimeona midomo yako."

"Na kiuno hicho kinachocheza?"

"Hamkusema tuzibe viuno."

Akatozwa mtungi wa mbege. Kesho yake wezi wakazidi, na mitungi ikazidi. Wazee walikunywa mpaka wakacheza siku isiyo yao, wakajitoza wenyewe, wakanywa tena.

Baba mdogo alilalamika, "Mtoto apige, ninyi mlewe?" Wakanitengea kibuyu changu kila juma, ila nikakichukue mwenyewe, mbele za watu, nipigiwe makofi.

Vibuyu vimepangwa pale barazani kwa wazee, vimechacha. Sijaenda.

Wasomaji, niandikieni: je, nimepiga bure, au nimelipwa? Lakini andikeni tu. Msije.