Kijiko cha Baba na Ng'ombe wa Dada

Admin, naomba unifichie jina. Mimi ni binti wa miaka kumi na saba, nimemaliza kidato cha nne, nipo nyumbani Samuye nasubiri matokeo. Haya siwezi kuyasema ana kwa ana, hata darasani nilikuwa najibu kwa kunong'ona, ndiyo maana naandika.

Baba yangu analimia watu kwa trekta, na ndiyo inayotulisha na kusomesha wadogo zangu. Sasa anataka kazi ya kuchimba: malambo ya mifugo huku kwetu, na kule Rwamgasa kuwaondolea wachimbaji wadogo udongo wa juu. Ana njia mbili. Anunue mkono wa kuchimbia unaofungwa nyuma ya trekta yetu, huo mpunga tuliovuna unatosha kuulipia. Au anunue kijiko kamili, ule mtambo wa kuchimbia wenyewe, kilichotumika, kinauzwa Geita. Hicho hakipati mpaka auze ng'ombe wote wa mahari ya dada yangu.

Dada ameolewa Geita na mnunuzi wa dhahabu. Mtaani wanamsifu, eti mpole, anaamkia wazee. Dada alipojifungua nilitumwa kumsaidia. Siku moja namkanda mgongo kwa maji ya moto, nikaona alama za mkanda. Nyingine zimepona, nyingine mbichi kabisa. Nikaanza kulia. Yeye ndiye akaanza kunibembeleza mimi.

"Usilie, utamwamsha mtoto. Na nyumbani usiseme. Mama nilimwambia, akanijibu hata yeye alivumilia. Baba akijua atakuja na hasira zake, atamuumiza mtu afungwe. Mtoto akipata nguvu nitaondoka mwenyewe. Huyu mwanaume atadai mahari yake, arudishiwe, yaishe. Ng'ombe si wapo?"

Nikamwambia wapo, na wamezaa.

"Basi nina pa kutokea," akasema.

Wiki iliyopita baba akaniita, akanipa simu. Kuna video, fundi anaeleza habari za hiyo mikono ya kufunga, Kiingereza kitupu. Rafiki yake aliyekuwa pembeni akaanza kunitania: "Leo tutajua kama ile ada ilisoma au ilikwenda kutembea!"

"Mwache mwanangu," baba akasema. "Haya mayu, mama yangu, huyu fundi anasemaje?"

Fundi alikuwa anasema trekta nyepesi kama yetu, ukiifungia mkono ule bila fremu ya kuubeba, halafu ukachimbe ardhi ngumu, inapasuka katikati, pale injini inapoungana na gia boksi. Na fremu yenyewe kwa trekta za aina yetu haitengenezwi. Nilimwelewa neno kwa neno. Nikasema mtandao unakwama.

Baba akacheka. "Sawa, utaimalizia. Ila mimi nakusikiliza wewe. Ukisema mkono ni mzuri, nanunua mkono. Ukisema mbaya, Jumamosi anakuja mtu wa kununua ng'ombe."

Nilijaribu kukiponda kijiko, kwamba vya kutumika vina magonjwa, akaniambia fundi wake ameshakikagua. Nikasema tusubiri mwakani, akaniuliza, "Wewe unaogopa nini?"

Nikisema ukweli wa yule fundi, ng'ombe wanaondoka na dada anabaki mle ndani. Nikidanganya, trekta itapasuka baba akiwa juu yake, na wadogo zangu watakula nini? Nikitoa siri ya dada, namjua baba yangu, jioni hiyo hiyo yuko Geita.

Leo mchana nikampigia dada nimuulize mwenyewe. Akapokea mume wake. Nikamwamkia.

"Marahaba shemeji. Dada yako amelala."

Kwa nyuma namsikia mtoto analia, analia tu, hakuna anayemchukua. Akakata simu.

Kesho ndiyo Jumamosi, na baba ameshawatenga ng'ombe wa dada pembeni, anasubiri neno langu tu. Dada zangu, kaka zangu, ninyi mliokwisha kuyaona maisha, nishaurini. Asubuhi nimwambie nini baba?